Rangi Chini ya Kiwiko

Mama wa Studio alikuwa na kawaida ya kushika mkono wa mteja kabla hajamuuliza jina. Si kwa salamu. Aliushika, akaugeuza, akapandisha nguo mpaka kwenye kiwiko, akatazama upande wa ndani ambako jua halifiki sana, kisha akauachia kama mtu aliyeshika kitu sokoni akaona sicho. Wageni walidhani ni nesi mstaafu. Wengine walidhani ana mambo yake. Mimi niliyekaa ubavuni mwake karibu miaka saba, yeye kwenye chumba chake cha picha na mimi kwenye kibanda changu cha fremu, nilijua anatafuta nini. Alikuwa anatafuta rangi ya mtu aliyekufa.

Picha za pasipoti alipiga. Harusi alipiga zamani, magoti yalipokuwa bado yanamruhusu kuzunguka ukumbi. Lakini jina lake pale Maji ya Chai lilijengwa na misiba. Mtu akifariki, ndugu hutafuta picha kwenye simu zao, na mara nyingi inayopatikana ni moja tu, imepigwa kwenye sherehe ya mtu mwingine. Marehemu yuko pembeni, ameshika soda, nusu ya uso imeliwa na mwanga. Mama aliihamishia picha hiyo kwenye kompyuta yake, akamtoa marehemu kwenye kundi, akaifuta soda, akamkuza. Kisha ilibaki rangi. Hapo ndipo alipowaita ndugu wote waliokuja, akawapanga mlangoni kwenye mwanga, akasema, "Pandisheni mikono."

Nakumbuka watoto wa mzee mmoja wa Kikatiti. Walikuja watano, watu wazima, macho yamevimba. Kaka mkubwa akasema baba alikuwa mweusi.

"Mweusi wapi?" dada yake akadakia. "Baba alikuwa maji ya kunde."

"Maji ya kunde ni wewe unayejipaka vitu."

"Nani anajipaka? Sema vizuri, watu wasikie."

"Mkimaliza kugombana mniambie," Mama akasema bila kugeuka. "Baba yenu ananisubiri hapa. Na hayo maji ya kunde ni maneno. Kunde za nani? Zimechemka kiasi gani? Mimi nataka mkono."

Akapita mmoja mmoja, akigeuza, akiachia. Akaishia kwa binti wa mwisho, ambaye alikuwa hajasema neno tangu waingie. Akamkalisha karibu na skrini, mkono juu ya meza, akaanza kusogeza rangi ya uso wa yule mzee polepole mpaka ikakaa sawa na ule mkono. Binti akatazama, akafunika mdomo. Kaka mkubwa akasogea nyuma yake, na hakusema tena kama baba alikuwa mweusi.

Siku hiyo niliwatengenezea fremu ya mvule. Niliyaona yote kupitia kidirisha. Kati ya chumba chake na kibanda changu palikuwa na ukuta wa mbao, na kwenye ukuta huo tulikata tundu la ukubwa wa trei, ili anipitishie picha zikishatoka kwenye mashine bila kuzunguka nje kwenye vumbi la barabara. Mimi si msemaji. Nilimaliza darasa la saba nikaenda kwa seremala, na kwa seremala msumeno ndio unaoongea. Kwa hiyo miaka yote ile nilimfahamu Mama wa Studio zaidi kwa kumsikia na kwa kuziona picha zake zinavyokuja mikononi mwangu, moja baada ya nyingine, bado zina joto.

Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mstari mwembamba wenye kidude cha kuburuta. Ukikiburuta kulia, rangi zote zinakolea. Ukikiburuta kushoto zinapauka. Yeye aliuita mstari ule bomba. Siku moja mvua ilitufungia ndani, akaniita nione.

"Mwisho wa kushoto ni majivu," akasema, akaburuta, na uso wa mtu ukawa majivu kweli. "Mwisho wa kulia ni kanga ambayo haijafuliwa." Akaburuta tena, na mtu yuleyule akawaka kama moto wa kuni. "Binadamu yuko hapa kati, lakini si kati kabisa. Kila mmoja ana mahali pake. Kazi yangu ni kupatafuta mahali hapo, basi. Nyingine yote ni kubonyeza."

Akasikiliza mvua kwenye bati.

"Rangi ni chumvi," akasema. "Ukiizidisha, mgeni mwenye adabu hatakuambia. Atakula, atashukuru, ataondoka. Utajua siku ambayo hatarudi."

Maneno hayo aliyarudia mara nyingi, kwa wateja, kwa simu, kwa mwanawe aliyekuwa akimshauri anunue mashine mpya. Aliyasema kwa sauti yake ileile ya kuchoka, ambayo ilimfanya hata mtu aliyekuja kwa fujo apunguze mwendo. Alikuwa mtu wa kuchoka tangu nilipomjua. Asubuhi alifungua kufuli akishusha pumzi. Mchana alilaza kichwa kwenye kaunta, shavu juu ya daftari, na mteja akiingia alifungua jicho moja kwanza, kumpima kama anastahili la pili. "Nimechoka na nyuso," aliniambia. "Uso wa mtu ni kazi. Shamba unalima linapumzika. Uso haupumziki."

Lakini mtu huyo huyo aliyechukia rangi kali alivaa vitenge ambavyo ungeviona ukiwa ng'ambo ya pili ya mto. Mlango wa nyumbani kwake, huko juu kwenye migomba, ulikuwa wa waridi. Nilimuuliza mara moja tu, nikiwa natazama chini. Akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku.

"Nguo ni yangu, fundi. Mlango ni wangu. Uso ni wa mwenyewe. Chako kipake unavyotaka, cha mwenzio kirudishe kilivyo."

Alinipa hata somo la meno. Sisi tuliokulia maji ya huku chini ya Mlima Meru wengi wetu tuna meno ya kahawia, maji yenyewe ndiyo yanayofanya hivyo, hakuna mswaki unaoyaondoa. Wateja walimwomba ayafanye meupe kwenye picha. Kwa marehemu alikataa katakata. "Aliyatafunia loshoro na nyama miaka sitini, leo nimnyang'anye?" Lakini akija msichana anayetafuta kazi hotelini mjini Arusha, anataka picha ya kupeleka na barua, Mama hakusema kitu. Aliyasafisha yale meno kimya kimya, kidogo tu, na akimpa picha alimwambia, "Ukiitwa, nenda ucheke hivyohivyo." Na picha moja tu ya kwake mwenyewe niliyowahi kuiona, aliyoibandika nyuma ya mlango, alikuwa amefumba mdomo.

Ng'ambo ya barabara alifungua kijana mmoja mwenye simu kubwa na mashine ndogo ya kuchapa. Huyo bomba lake lilikuwa halifungwi. Kila mtu aliyetoka kwake alikuwa na mashavu ya dhahabu, majani ya mgomba nyuma yake ya kijani cha plastiki, na Meru ya bluu ambayo mimi tangu nizaliwe sijaiona. Watu walipenda. Walivuka kwake, kisha wakaja kwangu kuweka fremu, na wakipita mlangoni mwa Mama waliificha picha chini ya kanga.

"Usifiche," aliwaambia. "Nimeshaiona. Imeonekana mpaka Tengeru."

Kijana yule alimheshimu sana. Alivuka asubuhi kumwamkia, "Shikamoo mama," na Mama alijibu, "Marahaba, mpishi. Leo umeshatia chumvi?" Yeye alicheka tu. Hakujua anaambiwa nini.

Mume wa Mama alikuwa mkulima wa kahawa na migomba huko juu, mtu mkimya kuliko hata mimi. Siku za soko alishuka na mkungu wa ndizi mshare, akauweka kwa mke wake, kisha badala ya kukaa kwenye kiti cha wateja alikuja kukaa kwenye benchi langu. Yeye ndiye aliyenifundisha kunoa patasi kwa jiwe la mtoni. Tulikuwa tunaweza kukaa saa nzima hatujasemeshana, na Mama akapiga kelele kupitia kidirisha, "Nyie mmekufa huko?"

Siku moja nilikuwa nakata ubao mrefu akanishikia upande wa pili. Wote tulikuwa tumepandisha mikono ya mashati. Mikono yetu ikawa imelala sambamba juu ya ule ubao, wake na wangu, yote imejaa vumbi la mbao. Akaitazama. Akapuliza vumbi.

"Angalia," akasema. "Wewe na mimi tumepikwa chungu kimoja."

Nilitazama. Ilikuwa kweli. Mkono wake ulikuwa na mishipa na makovu na wangu hauna, lakini rangi chini ya kiwiko ilikuwa moja. Nilitabasamu, tukaendelea kukata. Sikumwambia Mama. Halikuwa jambo la kumwambia mtu.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya nikae niandike, nami kuandika kwangu ni kwa polepole.

Kwanza nilidhani ni wino. Picha zilizokuja kwenye kidirisha zilianza kuwa na joto la aina nyingine, mashavu yamekaribia wekundu, midomo imeiva. Ilikuwa kidogo tu. Mtu asiyezishika kila siku asingeona. Mvua za masika zikapita, zikaja za vuli, na ile kidogo ikawa si kidogo. Nilimsikia akigombana na vitu. Alifuta skrini kwa upindo wa kitenge, akafuta tena. "Hiki kioo kimezeeka," alisema. Akabadilisha wino, akasema wino wa siku hizi umetiwa maji. Akabadilisha karatasi. Machoni pake kila kitu kilikuwa kimepauka, kimefanya umanjano, kama mtu anayetazama dunia kupitia glasi ya chai. Na kwa kuwa aliona picha zimepauka, alizifungulia bomba.

Siku moja alichungulia kwenye kidirisha, ameshika picha ya bwana harusi.

"Fundi, shati hili ni jeupe?"

"Ndiyo, mama."

"Jeupe kabisa?"

"Jeupe."

Akalitazama tena kwa mbali, kisha kwa karibu. "Haya," akasema, akarudi kwenye kiti. Sikumuuliza yeye analiona la rangi gani. Nilijua.

Kilichonimaliza ni wateja. Walianza kurudi. Wale waliovuka barabara walivuka tena, safari hii kuja kwake. Mama mmoja wa kwaya alichukua picha ya marehemu dada yake, akainua juu, akashangilia, "Mama, siku hizi umeendelea! Zamani ulikuwa unatubania rangi."

"Nimefanya nini?"

"Si hivi! Anang'aa!"

Mama akatabasamu, hakuelewa, lakini nilimwona amefurahi. Alipoondoka yule mama, akaniambia kupitia kidirisha, "Wameanza kuelewa, fundi. Miaka yote hii, sasa wameanza kuelewa rangi ya mtu ni nini." Mimi nilikuwa nimeshika picha ya yule dada. Nilimfahamu, alikuwa akiuza maharage mkabala na sisi. Kwenye picha alikuwa mtu wa shaba. Nikapiga misumari.

Bado alikuwa akiwapanga ndugu mlangoni, bado akiwapandisha mikono. Lakini aliutazama mkono kwa macho yaleyale aliyotazamia skrini. Wakati mwingine ndugu walitazamana. Binti mmoja alifungua mdomo kabisa, mama yake akamkanyaga mguu. Nani atamwambia Mama wa Studio kuhusu rangi? Ni kama kumwambia mchungaji amekosea Baba Yetu.

Nilijiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu nyingi zilipita. Nilipanga maneno nikipiga randa, "Mama, samahani, nadhani macho," na randa ikifika mwisho wa ubao maneno nayo yameisha. Niliogopa. Niliona mbali: akijua, atafunga. Atarudi juu kwenye migomba akae, na kidirisha kile kitakuwa tundu tu kwenye ukuta.

Kisha mume wake akafariki. Aliugua wiki moja.

Mama hakumruhusu mtu mwingine kutengeneza ile picha. Wanawe walimwomba apumzike, akawaambia, "Nimewafanyia watu wote wa hapa, niwaachie nyie wangu?" Alikuja studio na nguo za msiba, akajifungia, na asubuhi nzima sikusikia chochote ila kiti kikilia. Hakumpanga mtu mlangoni. Aliona hana haja, alikuwa amelala ubavuni mwa mtu yule miaka arobaini.

Picha ilikuja kwenye kidirisha karibu na adhuhuri. Niliipokea kwa mikono miwili.

Mzee wangu alikuwa amekuwa papai. Papai lililoiva upande mmoja. Macho yalikuwa yake, kofia ilikuwa yake, lakini ile ngozi haikuwahi kukaa kwenye benchi langu.

"Imekaaje?" Mama akauliza kutoka upande wa pili. Sauti ilikuwa imekauka.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mwenyewe ameufungua. Dakika kumi zingetosha, kidude kile kingeburutwa kushoto, mzee akazikwa na uso wake.

"Imekaa vizuri, mama," nikasema.

"Mtafutie mbao nzuri."

Nilimtafutia. Na kwa kuwa nilishindwa kutumia mdomo, nilitumia mikono. Pale kibandani nilikuwa na kipande cha kioo cha moshi, kile ambacho watu huweka kwenye madirisha ya alumini ili wa nje asione ndani, kile cha moshi mwepesi. Nilikiweka juu ya picha. Papai likatulia kidogo. Bado hakuwa yeye, lakini alikuwa karibu, kama mtu unayemwona ndani ya nyumba kabla macho hayajazoea. Nikakikata kwa kipimo, nikapiga misumari minne midogo, nikaifunika kwa kitambaa cheupe.

Kwenye mazishi ile picha iliwekwa juu ya kigoda mbele ya jeneza, chini ya turubai, katikati ya migomba yake mwenyewe. Watu walipita mstari kuaga. Niliwaona wakiitazama, wakiinamisha kichwa, wakipita. Jirani mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Naona amepata afya alikokwenda." Mwenzake akambana ubavu. Mama alikaa kwenye kiti cha mbele, ameitazama muda wote. Hakuna aliyemwambia. Walikula, wakashukuru, wakaondoka.

Studio ilifunguliwa tena baada ya arobaini, lakini haikuendelea sana. Binti yake anayekaa Kisongo alikuja kumwona, akamkuta akimimina chai kwenye kisahani, nje ya kikombe. Hakuuliza mtu. Alimchukua siku ileile, na hospitalini wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ugonjwa umekaa muda mrefu. Wangeanza na la kulia, la kushoto lisubiri. Kufuli likakaa mlangoni. Mimi nikaendelea na fremu zangu, nikitazama kidirisha chenye giza. Kila siku nilifikiria jambo moja tu, kwamba siku watakapoondoa bandeji, kitu cha kwanza kitakachokuwa ukutani mbele yake ni ile picha.

Alinipigia simu mwenyewe. "Fundi, panda huku. Njoo na bisibisi." Hakusema zaidi.

Nilipanda kwa miguu. Kahawa zilikuwa zimeiva hazijachumwa, zimedondoka chini. Mlango wa waridi ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usisimame mlangoni, unanizibia mwanga."

Alikuwa amekaa mezani karibu na dirisha. Alikuwa amekonda. Jicho la kulia lilikuwa safi, jeusi, la mtu mgeni. La kushoto lilikuwa bado na ule ukungu. Aliponitazama alifumba la kushoto, kisha akabadilisha akafumba la kulia, kama anayenikagua mara mbili.

"Una shati la bluu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote nilijua ni la kijani." Akashusha pumzi. "Kila kitu kina bluu sasa. Anga lina bluu mpaka linachosha. Shuka zangu kumbe ni nyeupe, nilikuwa naziona za maziwa. Kaa."

Bisibisi hakuihitaji. Fremu yangu ilikuwa imelala mezani, kifudifudi, imeshafunguliwa kwa kisu cha jikoni. Misumari yangu minne ilikuwa kwenye kisahani. Picha ya mzee ilikuwa wazi mbele yake, bila kitu juu, inawaka. Kando yake, juu ya kitambaa cheupe cha meza, palikuwa na kile kioo. Juu ya kitambaa cheupe moshi ulionekana wazi.

Akaweka kidole juu yake.

"Hiki ni kioo gani?"

"Cha moshi, mama."

"Nilikuagiza cha moshi?"

"Hapana."

"Umewahi kuniwekea cha moshi kwenye picha nyingine?"

"Hapana, mama. Hiyo tu."

Nje ng'ombe alikuwa anakwangua pembe kwenye zizi. Mama alisikiliza kana kwamba anasubiri ng'ombe amalize.

"Kwa hiyo ulijua."

"Ndiyo."

"Nani mwingine alijua?"

Nilitazama misumari. "Nadhani wote, mama."

"Chumvi," akasema. Neno hilo moja tu. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, "Mchungaji. Kwaya. Majirani. Yule mpishi wa ng'ambo, hata yeye. Huyo naye ameona imezidi!" Mdomo ukataka kucheka ukashindwa. "Na wewe. Ukuta kwa ukuta na mimi. Nikakuuliza kwa mdomo wangu, imekaaje."

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa nini? Nimewahi kukupiga?"

"Niliogopa utafunga."

"Ningefunga, ndiyo. Wiki mbili. Ningekwenda hospitali, nikarudi." Hakusema kwa hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Kuna nyumba ngapi huko chini, fundi, zina papai ukutani? Watu wanaamka asubuhi wanamwona mama yao hivyo. Watoto watakua wakijua bibi alikuwa hivyo."

Akavuta kompyuta, ndogo, ya mwanawe, iliyokuwa imefunguliwa pembeni. Ile picha ya mzee ilikuwa mle, kama ilivyotoka kwenye simu, kabla haijaguswa. Ilipigwa jioni kwenye mwanga wa balbu, haikuonyesha rangi yoyote ya kuaminika.

"Tutaanza na wangu, kisha tutaenda nyumba kwa nyumba," akasema. "Lakini nimekwama. Jumapili niliwapanga watoto pale mlangoni, nikawapandisha mikono. Wote wamechukua rangi yangu, hakuna hata mmoja wa kwake. Ndugu zake wamekwisha. Na mimi mwenyewe..." Akafunika jicho jipya kwa kiganja, akaitazama skrini kwa lile la zamani. "Kwa jicho hili ndiyo nilimwona miaka yote ya mwisho. Nikifumba macho anakuja wa rangi ya chai. Sijui kama ni yeye au ni ugonjwa. Wewe ulikaa naye. Alikuwa na rangi gani?"

Maneno yalikuja. Maji ya kunde yalikuja. Rangi ya ganda la kahawa kavu, nayo ilikuja. Nikayaacha yapite, kwa sababu nilijua atayajibu nini.

Nilifungua kifungo cha shati. Nikapandisha mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaufuta vanishi kwenye suruali, nikaulaza mezani kwenye mwanga wa dirisha, upande wa ndani juu.

"Alisema tumepikwa chungu kimoja," nikasema. "Siku tulipokuwa tunakata ubao. Tulilinganisha."

Mama wa Studio aliushika mkono wangu. Miaka saba alikuwa hajawahi kuushika. Akaugeuza, akaurudisha, akautazama kwa jicho moja, akautazama kwa jingine. Nilidhani atauachia kama mikono mingine yote. Hakuuachia. Aliushika kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukaenda kwenye kompyuta, ukaburuta bomba mpaka mwisho wa kushoto, kisha ukaanza kusogeza.

Mzee akaanza kuja kutoka kwenye majivu.

"Hapo?" akauliza.

Ilikuwa karibu. Mtu mwingine angeridhika. Nilitazama skrini, nikatazama mkono wangu.

"Bado, mama."

Akasogeza. "Hapo?"

"Umezidisha," nikasema. "Rudisha kidogo."

Akarudisha.